Mafunzo ya Watumishi wa Elimu Maalumu katika Wilaya za Mbulu na Hanang: Mpango Uanzie Wapi?

Utangulizi

Mjadala wa elimu maalumu nchini Tanzania huanza kwa kawaida na upungufu: upungufu wa walimu, wa mashine za nukta nundu, wa shimesikio, wa mabweni. Upungufu huo upo na hatukusudii kuupuuza. Makala haya, hata hivyo, yanakusudia kujadili jambo linalotangulia upungufu, nalo ni utaratibu wenyewe wa kupanga mafunzo ya watumishi. Hoja yetu ni kwamba katika mazingira ya lugha nyingi kama yale ya Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, mpango unaoanzia katika orodha ya makundi ya ulemavu iliyoandaliwa makao makuu humfikia mtoto akiwa amekwisha kuchelewa, na mara nyingine humfikia mtoto asiyestahili. Tunapendekeza mpango uanzie katika kata, kwa mtoto aliyepo na lugha anayoisema, ndipo upande kwenda halmashauri, vyuoni na wizarani.

Huenda msomaji akauliza kwa nini suala hili liletwe katika jarida la Kiswahili badala ya kupelekwa kwa wataalamu wa elimu na afya. Jibu letu ni kwamba kumpima mtoto ili kujua mahitaji yake ni tendo la lugha tangu mwanzo hadi mwisho. Mpimaji huuliza, mtoto hujibu au hunyamaza, mzazi hueleza, na mwishowe mpimaji huandika neno moja katika fomu. Neno hilo ndilo linaloamua kama mtoto ataketi darasani na wenzake, atapelekwa bwenini mbali na kwao, au atabaki nyumbani. Wanaisimu hatuwezi kusema kwamba jambo hilo halituhusu.

Mazingira ya wilaya hizi

Hanang na Babati zilikuwa zamani sehemu ya Wilaya kubwa ya Mbulu. Hadi mwaka 2002 eneo hili lilikuwa katika Mkoa wa Arusha. Mwaka huo ulianzishwa Mkoa wa Manyara. Leo Mbulu ina halmashauri mbili, ya Wilaya na ya Mji, na Hanang ina halmashauri yake yenye makao makuu Katesh, chini ya mlima ulioipa wilaya jina.

Kwa upande wa lugha, hapa ni mojawapo ya sehemu chache barani Afrika ambamo jamii nne za lugha hukutana. Wairaqw, ambao kwa Kiswahili walizoea kuitwa Wambulu, husema lugha ya Kikushi. Wadatoga, hasa Wabarabaig wa Hanang, husema lugha ya Kinailoti; majirani waliwaita Wamang'ati, jina ambalo wao wenyewe hawalipendi. Wahadzabe wa bonde la Yaeda wana lugha yenye sauti za kidoko, ambayo wanaisimu wengi leo huiona kuwa haina ndugu anayejulikana. Na Wabantu, wakiwamo Wanyaturu na Wanyiramba, wameingia kutoka upande wa Singida. Kiswahili ndicho kiungo cha wote. Lakini katika vijiji vingi mtoto hukutana nacho kwa uzito siku anapofika darasa la awali.

Tofauti kati ya lugha hizi na Kiswahili si ndogo. Kiiraqw, ambacho sarufi yake ilielezwa kwa kina na Maarten Mous mwaka 1993, huweka kitenzi mwishoni mwa sentensi, na nomino zake hugawanywa katika jinsi tatu badala ya ngeli za Kibantu. Sauti kama z na v si za asili katika lugha hiyo. Kwa upande mwingine ina sauti za kooni na za pembeni mwa ulimi ambazo Mswahili huzisikia kwa shida. Kidatoga nacho hutanguliza kitenzi. Kwa hiyo mtoto mwenye akili timamu na masikio mazima anaweza kusema Kiswahili ambacho mwalimu mgeni atakiona kimevurugika: ngeli hazipatani, z imekuwa s, maneno yamepangika kinyume. Mwalimu asiyejua chanzo cha makosa hayo anaweza kuyachukua kuwa dalili za kasoro ya usemaji au ya akili. Kinyume chake pia huwezekana, na hatari yake ni kubwa zaidi. Mtoto asiyesikia vizuri anaweza kukaa miaka miwili darasani akidhaniwa kwamba bado hajajifunza Kiswahili tu.

Historia fupi ya mafunzo

Elimu maalumu nchini ilianza kwa mikono ya mashirika ya dini. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilifunguliwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilifunguliwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Shule hizo zilikuwa chache, za bweni, na kila moja ilihudumia aina moja ya ulemavu. Mafunzo ya walimu yalifuata mkondo huo huo. Hata leo mwalimu anayekwenda Chuo cha Ualimu cha Elimu Maalumu Patandi, wilayani Arumeru, hubobea katika eneo fulani, kama vile ulemavu wa kuona, wa kusikia au wa akili. Baadaye vyuo vikuu viliingia katika kazi hiyo: Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Sebastian Kolowa kilichoanza Lushoto mwaka 2007 kiliweka elimu maalumu mbele, na Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kikaanzisha shahada ya fani hiyo.

Wakati huo huo sera zilibadilika. Tamko la Salamanca la mwaka 1994 lilizitaka nchi ziandae shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Tanzania ilitoa Sera ya Taifa ya Huduma na Maendeleo kwa Watu Wenye Ulemavu mwaka 2004, ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Mikakati ya elimu jumuishi imetolewa mmoja baada ya mwingine tangu mwaka 2009. Ada za shule za msingi ziliondolewa kuelekea mpango wa MMEM ulioanza mwaka 2002, na elimumsingi bila ada ikapanuliwa hadi kidato cha nne mwaka 2016. Matokeo yake ni kwamba mtoto ambaye zamani angefichwa nyumbani leo anaweza kuandikishwa katika shule ya kijiji chake.

Hapo ndipo lilipo tatizo. Sera imemhamisha mtoto kutoka shule ya bweni ya Tabora au Buigiri hadi shule ya kijiji, lakini muundo wa mafunzo bado unafikiri kwa mfano wa shule ya bweni. Tunaendelea kuandaa mtaalamu wa ulemavu mmoja kwa ajili ya shule yenye watoto wa aina moja, ilhali shule ya kijiji inaweza kuwa na mtoto mmoja asiyesikia, wawili wenye uoni hafifu, mmoja mwenye kifafa na mwingine ambaye hakuna anayejua ana nini.

Ugawaji wa madaraka umelizidisha tatizo hilo. Serikali za mitaa, zilizofutwa katika mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972, zilirejeshwa katika miaka ya 1980, na tangu sera ya ugatuaji ya mwaka 1998 halmashauri zimekuwa wasimamizi wa shule za msingi. Wizara yenye dhamana ya elimu ina sera, mitaala na vyuo. TAMISEMI inasimamia shule na kupanga walimu. Halmashauri inaandaa ikama, inatunza tange la walimu na kuomba vibali. Kwa maneno mengine, anayemfundisha mtaalamu siye anayempangia kazi, na anayempangia kazi siye anayemjua mtoto. Katika utaratibu wa namna hii hutokea mwalimu aliyesomea lugha ya alama akapangiwa shule isiyo na mtoto kiziwi hata mmoja, akafundisha hisabati miaka mitano, na mikono yake ikasahau.

Mtoto anayenyamaza

Tuchukue mfano wa kubuni ili kuonyesha uzito wa suala hili. Tuseme mtoto wa Kibarabaig wa miaka saba ameletwa shuleni karibu na Basotu. Mwalimu anamwita jina, hageuki. Anamuuliza swali kwa Kiswahili, anatazama chini. Anapewa kalamu, anaishika kwa ngumi. Fomu ya upimaji inadai jibu. Maelezo yanayowezekana yapo manne au zaidi: hasikii, anasikia lakini haelewi Kiswahili, anaelewa, ila amefundishwa kutomjibu mtu mzima mgeni kwa kumkazia macho, au kweli ana ulemavu wa akili. Mwalimu aliyepewa orodha ya dalili peke yake hana namna ya kuyatenganisha maelezo hayo. Ataandika linalomjia kwanza.

Mwalimu aliyeandaliwa kwa mazingira hayo angefanya mambo madogo yasiyohitaji mashine. Angemwomba mtu wa jamii ya mtoto aseme naye kwa sauti ya chini akiwa nyuma yake, kisha atazame kama anageuka. Angemuuliza mama kwa lugha ya nyumbani, ikibidi kwa mkalimani: mtoto huyu hutumwa? Akitumwa kuleta ndama wawili kati ya watano, huleta wanaotakiwa? Huwatambua ng'ombe wa kwao? Katika jamii zetu kutumwa na kurudi na kilichotakiwa ni kipimo cha akili kilichotumiwa kabla ya mtihani wowote wa karatasi. Mtoto anayewajua ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja, akajua na aliyepotea, hana sababu ya kuandikwa kuwa hana uwezo wa kujifunza kwa kuwa tu alinyamaza mbele ya kalamu.

Hatusemi kwamba maswali hayo yanachukua nafasi ya daktari wa masikio. Tunasema kwamba ndiyo yanayoamua nani apelekwe kwa daktari, nani apewe muda na Kiswahili, na nani aandaliwe mpango wake wa kujifunza. Uamuzi huo hufanyika katika shule ya kijiji, na mafunzo ya kuufanya hayana budi kufika hapo.

Suala la istilahi

Neno linaloandikwa katika fomu nalo lina uzito wake. Kiswahili kiliweka majina mengi ya watu wenye ulemavu katika umbo la KI-VI: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Wapo wanaoyakataa majina hayo kwa kuwa ngeli hiyo ni ya vitu. Hata hivyo sarufi yenyewe haikuwahi kumnyima mtu huyo utu wake, kwani Mswahili husema kipofu anasoma, hasemi kinasoma. Watu wenyewe wametofautiana: wengi wa jamii ya viziwi hujiita viziwi kwa fahari, na chama chao, CHAVITA, kimelibeba neno hilo katika jina lake; wengi wa wasioona hupendelea kuitwa wasioona; na neno zeruzeru limeachwa kwa haki, likachukuliwa na mtu mwenye ualbino.

Ugumu mkubwa hauko katika adabu bali katika maana. Neno mtindio wa ubongo hutumiwa kwa mtoto ambaye ubongo wake uliathirika akakosa udhibiti wa viungo, na hutumiwa pia kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili. Hayo ni mambo mawili. Mtoto wa kundi la kwanza anaweza kuwa na akili kamili ila ulimi na mikono havimtii. Akiandikiwa neno hilo katika fomu, na msomaji wa fomu akalielewa kwa maana ya pili, atawekwa katika kitengo kisichomfaa na hatafundishwa kusoma. Usonji ni neno lililoenea mijini lakini halijazoeleka kwa walimu wengi wa vijijini. Kabla ya kupanga mafunzo ya mkoa mzima, istilahi hizi zinahitaji kufafanuliwa kwa Kiswahili chepesi na kuwekewa maelezo ya namna ya kuziuliza kwa Kiiraqw, Kidatoga na Kihadzabe. Kazi hiyo ni yetu katika idara za Kiswahili na isimu.

Jambo la aina hiyo hiyo linahusu Lugha ya Alama ya Tanzania. Kamusi ya lugha hiyo iliyotayarishwa na H. R. T. Muzale ilitoka mwaka 2004, na ilisaidia kuonyesha kwamba lugha ya alama ina msamiati na miundo yake. Si Kiswahili kinachosemwa kwa mikono. Mtoto kiziwi wa Dongobesh au Katesh aliyezaliwa katika nyumba ya watu wanaosikia huenda hajakutana na kiziwi mwingine yeyote. Mwalimu wake atakuwa mtu wa kwanza kumpa lugha. Mafunzo ya majuma mawili ya alama za salamu na herufi hayatoshi kwa jukumu la namna hiyo.

Watumishi ni akina nani?

Mipango mingi husema watumishi ikimaanisha walimu. Katika wilaya tunazozijadili, wanaoamua hali ya mtoto ni wengi zaidi: mwalimu mkuu anayemwandikisha, afisa elimu kata anayekusanya takwimu, afisa utumishi anayeandika ikama, afisa mipango anayetenga fedha, mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba, na mlezi wa bweni anayekaa na mtoto kuanzia jioni hadi asubuhi. Mlezi asiyejua alama humwacha mtoto kiziwi bila mtu wa kusema naye kwa zaidi ya nusu ya siku, hata kama mwalimu wake wa mchana ni hodari. Afisa mipango asiyeelewa kwa nini karatasi ya nukta nundu ni nzito na ya bei kubwa ataikata katika bajeti kwa nia njema kabisa.

Sekta ya afya nayo ina hazina ambayo elimu inaweza kuitumia. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 wilayani Mbulu, imekuwa kituo cha tafiti za kifafa, na ilikuwa mojawapo ya vituo vinane duniani vya utafiti wa MAL-ED ulioanza mwaka 2009, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa ili kuona uhusiano wa lishe, maradhi ya kuhara na maendeleo ya akili. Ni maeneo machache ya vijijini nchini yaliyochunguzwa kwa kiwango hicho. Mpango wa mafunzo wa halmashauri ambao hauketi meza moja na hospitali kama hiyo unaacha maji mtoni na kwenda kuchimba kisima.

Tunazo pia takwimu za taifa. Utafiti wa mwaka 2008 ulikadiria kuwa asilimia 7.8 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu. Sensa ya mwaka 2022 ilitoa asilimia 11.2. Takwimu hizo zinafaa kwa bajeti ya taifa, lakini asilimia haina jina wala kijiji, na mafunzo hayapangwi kwa asilimia. Maporomoko ya tope ya Hanang ya alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023 yanapasa kutufikirisha kuhusu jambo hilo. Saa kama ile, anayejua ni nyumba ipi yenye mtoto asiyesikia kelele za majirani ni mtu wa kijiji hicho. Orodha ya namna hiyo inapaswa kuwapo katika kata, ikihuishwa kila mwaka, na hiyo hiyo ndiyo ingekuwa msingi wa kuamua tumsomeshe nani na asomee nini.

Mafunzo kutoka kwa majirani na kutoka nyumbani

Kenya ilianzisha vituo vya upimaji na nyenzo za elimu mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na mwaka 1986 ikaanzisha taasisi yake ya elimu maalumu, KISE. Uganda nayo, katika miaka ya 1990, ilijenga huduma za upimaji katika wilaya sambamba na taasisi ya taifa ya elimu maalumu, ambayo mwaka 2003 iliunganishwa katika Chuo Kikuu cha Kyambogo. Nchi hizo zina matatizo yao, na misaada ya nje ilipopungua vituo vingi vilidhoofika. Bado utaratibu wake una funzo: mahali pa kumpimia mtoto na mahali pa kumfundishia mwalimu vilifikiriwa pamoja, hivi kwamba aliyehitimu alikuwa na kituo cha kurudi.

Kwa upande wetu, historia ya Hanang yenyewe inatosha kutuonya. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashamba ya ngano ya NAFCO, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, yalichukua takribani ekari 100,000 za nyanda za Basotu. Mpango ulikuwa na wataalamu, mitambo na mafunzo. Ulichokosa ni kuwauliza Wabarabaig jinsi walivyoyatumia malisho yale kwa misimu. Mgogoro uliofuata ulifika hadi Mahakama ya Rufani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Elimu maalumu haina mitambo ya kulima, lakini nayo inaweza kupita juu ya maarifa ya watu kwa namna hiyo hiyo.

Mapendekezo

Kwanza, kila halmashauri ianze na orodha ya watoto kwa kata, iliyokusanywa na mwalimu, mhudumu wa afya na mwenyekiti wa kitongoji kwa pamoja, ikitaja lugha ya nyumbani ya kila mtoto. Ikama ya elimu maalumu itokane na orodha hiyo.

Pili, mafunzo yawe ya ngazi tatu. Katika kila shule awepo mwalimu mmoja aliyepata mafunzo mafupi ya ubainishaji na ya kupanga darasa lenye watoto mchanganyiko. Utaratibu wa MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, unaweza kubeba kazi hiyo bila kuanzisha chombo kipya. Katika kila tarafa wawepo walimu wenye stashahada wa kuzungukia shule. Katika halmashauri liwepo kundi dogo lenye ujuzi wa lugha ya alama, nukta nundu na upimaji, likiwa na uhusiano rasmi na hospitali.

Tatu, asipelekwe mtu masomoni kabla nafasi yake ya kurudi haijaandikwa katika ikama. Ikiwezekana wapelekwe wawili wawili, kwani mtaalamu aliye peke yake wilayani hupoteza ujuzi au huhama.

Nne, lugha iwe sehemu ya sifa za kazi. Mwalimu anayepangiwa vitengo vya Mbulu na Hanang apewe miezi michache ya kujifunza misingi ya lugha ya eneo lake la kazi, na mahali ambapo hilo haliwezekani awepo msaidizi wa kijiji anayelipwa. Malipo yasiyo rasmi ya chai ya mkalimani huzaa ukalimani wa harakaharaka.

Tano, vyuo vya ualimu viingize katika mitaala sehemu inayohusu kumpima mtoto wa lugha mbili, na idara za Kiswahili za vyuo vikuu zitayarishe nyenzo za kupimia zilizojaribiwa katika lugha husika.

Hoja zinazoweza kutolewa

Wapo watakaosema kwamba kuruhusu lugha za nyumbani katika shughuli za shule ni kurudi nyuma katika safari ya Kiswahili. Hofu hiyo ina historia, nasi hatuidharau. Lakini hatupendekezi Kiiraqw kiwe lugha ya kufundishia. Tunapendekeza mtoto aulizwe kwa lugha anayoielewa kabla ya kuhukumiwa kwamba haelewi. Kiswahili hakipati heshima kwa kugeuzwa mtego.

Wengine watasema kwamba sifa ya lugha italeta ukabila katika ajira. Sifa tunayoitaja inaweza kupatikana na yeyote. Mwalimu kutoka Kagera au Lindi aliyejifunza Kidatoga ana sifa hiyo kuliko mzaliwa wa Katesh aliyelelewa mjini asiijue.

Hoja ya tatu ni fedha, na ndiyo nzito. Ni kweli halmashauri za pembezoni hutegemea ruzuku. Lakini sehemu kubwa ya tunayopendekeza ni kupanga upya kilichopo: orodha inayokusanywa na watu wanaolipwa tayari, mafunzo yanayopita katika utaratibu uliopo, na walimu waliokwisha kusomeshwa wanaopelekwa mahali wanapohitajika. Kumsomesha mtaalamu kwa miaka miwili na kumpangia shule isiyo na mtoto anayemhitaji ni gharama pia, ingawa haionekani katika kitabu cha hesabu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mpango wa mafunzo ya watumishi wa elimu maalumu katika Mbulu na Hanang hauwezi kuwa nakala ndogo ya mpango wa taifa. Taifa lina wajibu wa sera, vyuo, viwango na fedha. Halmashauri ina wajibu wa kumjua mtoto. Wajibu wa pili ukikosekana, wa kwanza hutoa vyeti tu. Na kwa kuwa njia ya kumjua mtoto ni lugha, wanafunzi na walimu wa isimu wana kazi ya kufanya katika kata za Yaeda, Haydom, Basotu na Katesh: kutayarisha maswali yanayoeleweka, kufafanua istilahi, na kuwafundisha wapimaji kutofautisha kosa la lugha na dalili ya ulemavu. Tunawaalika wasomaji wa jarida hili waipokee kazi hiyo, na wale wenye uzoefu wa wilaya nyingine za lugha nyingi watueleze walikofika.